Kidole cha Bikira wa Harat ar-Rum

Shubra, Kairo
15 Machi 2058

Wanis mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na akili uliyokwenda nayo ikiwa imetimia, hata kama haikuwa nyingi. Umeondoka jana tu, na tayari nimekuwa mtu wa kukaa mbele ya kidirisha kama bawabu.

Nakurudia maagizo kwa kuwa nilipoyasema ulikuwa unaimba. Kidirisha hufunguka kila jua linapotua: kwako ni ndani ya lile birika kavu la kuhifadhia maji nyuma ya kanisa, kwangu ni hapa katika chumba cha chini cha Jumba la Yaliyopotea. Kinapitisha barua, na kinapitisha ubao wa picha. Mtu hakimpitishi. Mtu hupita mlangoni, ule uliokutoa humo birikani, na ufunguo wake si wangu, ni wa Bwana Talaat, msimamizi wa Jumba. Ulete ubao, naye atakufungulia urudi katika mwaka wako.

Kazi yenyewe ni ndogo. Mwaka huo uliomo, 1502 kwa hesabu ya Mashahidi ya kanisa letu, yaani 1786 ya dunia, mafuta matakatifu yanapikwa hapo katika mtaa wa Harat ar-Rum, na chini ya sufuria haziungui kuni peke yake. Huchomwa pia picha takatifu zilizochakaa, kwa sababu kitu kilichobarikiwa hakitupwi jalalani. Mojawapo ni ile ya Bikira na Mtoto ambayo mabwana wa Jumba wanasema haina mfano. Uichukue, uweke niliyoichora mimi mahali pake, na ile yangu iungue. Hakuna atakayepoteza kitu. Kilichokwisha kuwa majivu hakina mwenyewe. Ndivyo sheria inavyosema, na leseni ya Jumba imetundikwa ukutani kila mtu aione.

Usikifungue kitambaa nilichoishonea picha yangu. Kibaki kimeshonwa, kiingie motoni kimeshonwa. Usiniulize sababu.

Jambo moja nimelikumbuka ulipokwisha kuondoka. Kidole kidogo cha mkono wa kuume wa Bikira niliyemchora nimekipinda, kama kilivyopinda cha Bikira wa kanisani kwetu, yule mweusi kwa moshi ambaye utotoni tuliinuliwa kumbusu kidole kwa sababu uso hana tena. Mkono wangu umezoea; nilijifunza kuchora kwa kumtazama yeye. Kovu lake jeupe la ncha ya kidole tu ndilo sikulitia. Lakini kitaungua, basi si neno.

Mama nimemwambia uko Aswan, unaimbisha Kwaresima. Amesema Aswan kuna jua kali, uvae kofia.

Dada yako,
Dimyana


Harat ar-Rum
8 Baramhat, mwaka 1502 wa Mashahidi

Dada Dimyana,

Kofia ninayo. Mwambie mama asiwe na shaka.

Nilitoka birikani nikiwa na vumbi hadi kwenye meno, nikajieleza kuwa ni shemasi kutoka Asyut. Hawakuuliza zaidi, kwa sababu mwimbishaji wao, mzee kipofu, amekauka sauti kwa mafua, na Kwaresima haingoji mafua ya mtu. Nilipoanza kuimba wakafumba macho. Nyimbo ni zile zile, dada. Hata pale ninapokosea mimi, na wao wanakosea.

Kuna mama mmoja anayefagia kanisa, wanamwita Mama Mankariyus kwa jina la mwanawe wa kwanza. Amenipa maharage na kitunguu, akasimama kunitazama nikila.

"Shemasi gani wewe, unakula kama umetumwa?"

"Nimetoka mbali, mama."

"Hata punda wa muuza maji ametoka mbali, na bado anatafuna taratibu."

Baadaye akanipeleka ghalani, penye rundo la picha zinazongoja moto. Ile tuliyoifuata ilikuwa juu. Dada, haina uso. Bikira hana macho, hana pua, hana mdomo. Pamebaki ubao mtupu unaong'aa kama kizingiti kilichokanyagwa miaka mingi.

Nikauliza, "Uso wake uko wapi?"

"Wanangu wameula," akasema, akacheka. Kila Jumapili alikuwa akiwainua mmoja mmoja, wanambusu. Kisha ikaja tauni, ikawazoa wote katika msimu mmoja isipokuwa binti yake, ambaye sasa ana mtoto mchanga. "Abuna, padri wetu, ameniahidi kwamba huyu atatangulia kuingia motoni. Atayapika mafuta, na mjukuu wangu atapakwa mafuta hayo akibatizwa. Basi atakutana na wajomba zake, au sivyo, shemasi?"

Nikasema ndivyo.

Jana, watu walipokuwa kwenye sala ya jioni, nilizibadilisha. Kwa haraka nikadondosha kofia. Yako iko kwenye rundo, imeshonwa kama ulivyoagiza. Yake ninayo, nimeifunika kwa majani makavu birikani. Leo sikuiweka kidirishani. Kulikuwa na watu kisimani.

Ndugu yako,
Wanis


Shubra
18 Machi 2058

Wanis,

Watu gani hao wa kisimani wasiokwenda kwao kulala? Nimekaa mbele ya kidirisha jioni mbili. Ya kwanza ilikuja barua yako. Ya pili hakikuja chochote, hata vumbi.

Bwana Talaat hupita kila asubuhi. Haulizi kwa sauti. Anasimama mlangoni anazungusha pete yake kidoleni na kusema, "Vipi, Bibi Dimyana? Nduguyo amependa chakula cha huko?" Kisha anaondoka, na mimi nabaki nikisikia viatu vyake hadi ghorofa ya juu.

Habari za mama huyo ni za kusikitisha, Mungu awarehemu wanawe. Lakini zingatia, Wanis: wamekufa. Yeye mwenyewe amekufa. Wote unaokula nao na kucheka nao hapo wamekwisha kufa kabla babu wa babu yetu hajazaliwa. Usimtazame sana. Picha yake itaungua, ndivyo anavyojua, na kwa kujua huko atatulia.

Mama ameuliza kwa nini hupigi simu. Nimesema mitambo ya Aswan imeharibika. Alinitazama kwa muda, kisha akaendelea kuchambua dengu.

Leta ubao leo.

Dimyana


Harat ar-Rum
11 Baramhat 1502

Dada,

Nani alikutuma utie macho?

Jana Abuna wa hapa aliingia ghalani kuzibariki picha kabla ya moto. Alipofika kwenye ile yako akauliza nani ameishona. Akaitisha kisu. Mimi nilikuwa nimeshika chetezo, na nakuambia kilinitoka mkononi, makaa yakamwagika kwenye sakafu, maana nilijua kwamba huna sababu ya kushona kitambaa isipokuwa kuna kitu unachoficha.

Kitambaa kikaanguka. Bikira akatutazama.

Dada, ana macho hayo uliyoyachora, yale makubwa, yenye subira. Ana mdomo. Ana mashavu. Kisha mwanamke mmoja akapiga kigelegele, wakafuata wote, na mtaa mzima ukaja unakimbia. "Amerudishiwa uso! Mama wa Nuru amerudishiwa uso!" Abuna alipiga magoti akalia kama mtoto. Picha haikuchomwa, nani angeichoma? Wameitundika ndani ya kanisa, na mishumaa imewaka mbele yake tangu hapo.

Asiyeshangilia alikuwa mmoja. Mama Mankariyus alijipenyeza hadi mbele, akamtazama, akageuka akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayerudisha samaki sokoni, "Huyu siye."

Wakamwambia anyamaze.

"Namfahamu wangu. Nilimpangusa vumbi miaka yote. Huyu ni mgeni. Na kidole chake kimepinda. Wangu yuko wapi?"

Mwanamume mmoja akamwambia, "We bibi, wanao walimfuta uso kwa makamasi, sasa Mungu ameusafisha, unaona wivu?" Wakacheka. Akasema tena, "Wangu yuko wapi?" Wakamshika mikono wakamtoa nje, na Abuna akaamuru asiingie hadi atakapoungama kutoamini kwake. Yule aliyefagia kanisa hilo maisha yake yote sasa anakaa kwenye vumbi nje ya lango.

Mimi nilisimama, dada. Nikaimba wimbo walioniambia niimbe.

Na kuna jambo baya zaidi. Wanasema Bikira alipata macho alipofika shemasi wa Asyut. Wanawake wananigusa joho.

Wanis


Shubra
21 Machi 2058

Wanis,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, na bado nimesimama.

Ndiyo, nilitia macho. Jumba liliniagiza nichore uso uliofutika, na nilijaribu. Nilimaliza nguo, nikamaliza mikono, nikamaliza Mtoto, nikafika kwenye uso, na sikuweza. Baba alitufundisha kwamba macho hutiwa mwisho, na kwamba picha isiyo na macho haiondoki mezani, hata nyumba ikiungua. Umemsikia akisema hivyo tangu hujajua kutembea. Nikasema, nitamtia macho, nitamshonea kitambaa, ataungua bila kuonekana na mtu, na dhamiri yangu itabaki safi. Dhamiri yangu! Nilimficha Talaat yaliyo chini ya kitambaa hicho, nikakuficha na wewe. Nilikishona hata kabla vanishi haijakauka sawasawa, kwa haraka ya kuficha.

Lililofanyika limefanyika. Sasa nisikilize, maana kuna neno nililokunyima.

Talaat alinieleza tangu siku ya kwanza: ubao usipopita kidirishani, mlango haufunguliwi. Si kwamba utachelewa kufunguliwa. Haufunguliwi kamwe. Nilimbishia. Akasema, "Bibi Dimyana, mtambo huu si wa kusafirishia jamaa." Mwisho wa mwezi huu watauhamishia kazi nyingine, na kidirisha kitazimwa pamoja nao.

Nilidhani hutakuwa na haja ya kujua. Nilikutuma mimi, mimi ndiye niliyewaambia, ninaye mdogo wangu, anazijua sala zote, atapita kama maji. Basi usinifanye niishi na hilo. Mama huyo wataona uchungu wake, watamrudisha, watu si mawe. Ubao unao. Uko chini ya majani. Uinue, uutie kidirishani, uje nyumbani.

Nakuomba, mimi nisiyezoea kuomba.

Dimyana


Harat ar-Rum
13 Baramhat 1502

Dada yangu Dimyana,

Nimeipata barua yako na nimeielewa neno kwa neno. Usihangaike tena. Ubao uko mahali pake.

Huku ni kuzuri. Wamewasha moto. Harufu ya mafuta ya zeituni na mdalasini imejaa mtaani hata paka wanatembea kama walevi. Tunasoma Zaburi kwa zamu mchana kutwa karibu na sufuria, na mzee kipofu sauti yake imerudi kidogo, sasa tunashindana. Ananiambia, "Kijana, una sauti nzuri lakini unaimba kama mtu mwenye safari."

Mama Mankariyus nimemwona leo akicheka. Nilitaka ujue.

Askari wa beyi, mtawala wa mji huu, wamekuja mara moja kuitazama picha. Waliitazama vizuri, wakauliza dhahabu ya taji ni ya kweli au ya rangi, kisha wakauliza shemasi mgeni analala wapi. Abuna akasema hajui. Usimwambie mama.

Wako,
Wanis


Shubra
24 Machi 2058

Wanis,

Mahali pake ni wapi?

Nilidhani maana yako ni kidirishani. Nilitandika blanketi ili usigonge chuma ukipita. Jua likatua, kidirisha kikawaka, na sehemu yote ile ilikuwa tupu. Kesho yake ilikuwa tupu. Nikafikiri labda umekamatwa. Nikafikiri labda wameufukua ubao birikani. Nimefikiri kila kitu isipokuwa kile kimoja, ambacho sasa kinanijia na sitaki kukiandika.

Talaat leo hakuzungusha pete. Ameketi. Akasema, "Unajua, sisi hatuna ubaya na nduguyo. Akitulia huko ataishi vizuri. Hewa safi." Nilikuwa nimeshika kisu cha kukwangulia rangi, nikakiweka mezani polepole, mbali na mkono wangu.

Askari wanataka nini kwako? Unalala wapi? Jibu swali langu, tena kama mtu mzima, si kama mwimbaji.

Dimyana


Harat ar-Rum
16 Baramhat 1502

Dada,

Nitajibu kama mtu mzima.

Jioni ile barua yako ilipofika nilisubiri giza, nikafukua majani, nikautoa ubao. Nilifika nao hadi kidirishani. Kilikuwa kimewaka, dada. Niliona hata ukingo wa meza yako na kikombe chako cha chai. Nilikuwa nanyoosha mikono.

Kisha nikasikia ufagio. Alikuwa nje ya lango, anafagia vumbi la barabarani, kwa kuwa la ndani walimkataza. Hakuna aliyemwagiza. Anafagia barabara ya watu wote kwa sababu mikono yake haijui kukaa.

Nilitoka nikamwekea ubao mikononi.

Hakushtuka. Aliupapasa pale palipokuwa na uso, kama mtu anayepapasa kichwa cha mtoto aliyelala kuona kama ana homa. Kisha akaniuliza, "Ulikuwa naye wapi?"

"Kwangu, mama."

"Ulimwiba?"

"Ndiyo."

"Mwizi mpumbavu wewe. Umeiba asiye na uso ukaacha mwenye uso."

Akaendelea, "Yule mwingine umemtoa wapi?"

"Dada yangu amemchora."

"Anajua kuchora, dada yako. Mwambie kidole kimemshinda." Akacheka hadi akakohoa.

Nilimwambia twende kwa Abuna, nitaungama mbele ya wote, wamrudishie heshima yake. Akanikatalia kwa hasira. "Uwaambie nini? Wamelia wote, wamepatana walionuniana, muuza maji amemsamehe nduguye. Uende ukawanyang'anye? Waache na wao. Mimi ninaye wangu." Akaufunga ubao ndani ya shuka pamoja na mabua, akajitwisha. Wa kuleta kuni kwenye sufuria hakatazwi na mtu. Nilitembea nyuma yake nikiimba, ili wanitazame mimi.

Aliutia mwenyewe. Ulishika moto taratibu, kwa kuwa una nta ya miaka mingi, na mwali wake ulikuwa wa manjano, tulivu. Alisimama akiyataja majina yao. Nilikuwa nimeyahesabu maneno ya kukuandikia, dada, lakini sikuwa nimejiandaa kusikia majina. Kitu kile tulichoambiwa hakina mwenyewe kilikuwa na wenyewe tele.

Basi ndipo mahali pake.

Nilijua kuhusu mlango nilipofanya hivyo. Barua yako ilikuwa kifuani mwangu. Usijilaumu kwa kunituma. Jilaumu kwa vanishi mbichi tu, haikuwa kazi nzuri.

Ninaogopa, siwezi kukudanganya. Askari wamerudi. Wanasema beyi anamtaka huyo mchawi anayefufua picha, aende akafufue na macho ya mkewe. Nalala birikani. Mwambie mama nimeoa Aswan, mke mkali, hanipi ruhusa ya kusafiri.

Wanis


Shubra
28 Machi 2058

Wanis,

Soma upesi, kisha fanya ninalokuambia.

Barua yako ilipofika nilikwenda nyumbani na kumwambia mama kwamba umeoa Aswan. Hakuinua macho kwenye dengu. Akasema, "Binti wa dada yangu anakaa Aswan, Dimyana. Alinipigia simu wiki iliyopita kuuliza Wanis amefikia wapi, maana hajamsikia kanisani huko wala popote. Sasa niambie mwanangu yuko wapi."

Nilimwambia yote. Nilitarajia anipige. Alivaa viatu akasema, "Twende kanisani."

Unajua anavyofanya. Alisimama mbele ya yule Bikira mweusi, akainama, akabusu kidole. Mimi nikainama baada yake, na machozi yalikuwa karibu, basi nikawasha taa yangu ndogo ya kazini ili nijifanye natazama rangi. Nikaona ukingoni, chini ya moshi na nta, alama za nyuzi. Msuko wa kitambaa, umeganda ndani ya vanishi. Na palepale pa kona, tobo la sindano mahali niliposhona kwa haraka hadi nikauchoma ubao.

Ni yangu, Wanis. Ni ile ile. Haikuungua, wakaibusu miaka mia mbili na zaidi, wakaumaliza uso niliouchora, kisha ikahamishwa ikafika Shubra, na sisi tukainuliwa kuibusu. Kidole nilijifunza kwake, naye kidole alikipata kwangu. Nani alikipinda kwanza sijui, na sitaki kulifikiria hilo nikiwa peke yangu.

Mama akanitazama. "Ubao wa zamani, hauna uso, una moshi," akasema polepole. "Si ndicho anachokitaka yule bwana wako?"

Nilisema hapana. Nilisema, mama, huo nao ni wizi, tena wa kwetu wenyewe. Wanis hakuweza kumfanyia hivyo mama mmoja, na mimi niwafanyie mtaa mzima? Akasema, "Kuiba ni kuchukua bila kuomba. Tutaomba."

Basi tuliomba. Abuna Sarabamon aliita watu wabaki baada ya sala. Nilisimama mbele yao, mimi ninayesahihisha kila mtu, nikaeleza nilichofanya. Hawakuelewa nusu yake. Walielewa kwamba wewe uko mahali na huwezi kurudi. Bibi mmoja wa safu ya nyuma akasema, "Ni yule mvulana anayeimba? Basi mnangoja nini?" Mwingine akasema tumembusu Bikira hadi akaisha, na aliyetumika hivyo hachukii kutumika tena. Abuna aliishusha kwa mikono yake. Akaniambia, "Utatuchorea mwingine. Na safari hii kidole ukinyooshe."

"Kisinyooke!" mama akasema kwa sauti iliyofika barabarani.

Jana jua lilipotua niliitia kidirishani kwa upande wangu, nikamwita Talaat. Alipima ubao, alipima moshi, alipima wakati. Vipimo vyote vilikubali, kwa kuwa vyote ni kweli. Kisha akaniambia niseme kwa kinywa changu ubao huu ni upi. Nikasema: ubao huu ulitundikwa Harat ar-Rum mwaka 1502, na uso wake umeondolewa na midomo ya waumini. Sikusema uongo hata mmoja. Alitabasamu, akatia sahihi.

Lakini ametia sahihi mara moja tu. Mlango utafunguliwa kesho, adhana ya magharibi ikianza kusikika, na utafungwa adhana ikiisha. Sijui askari wako wapi. Sijui kama barua hii itakukuta. Kama uko ndani ya birika, usitoke. Kama uko nje, ingia sasa hivi.

Njoo mikono mitupu.

Dimyana


Harat ar-Rum
21 Baramhat 1502

Dada,

Naandika nikiwa nimechuchumaa birikani, karatasi juu ya goti. Barua hii nitaitupa kidirishani, nami nitaifuata kupitia mlangoni. Huenda tukafika pamoja. Huenda isiwe hivyo. Nasikia farasi upande wa kisima.

Barua yako ilinikuta. Uliniambia nisitoke, na nimetoka mara moja. Nisamehe.

Nilikwenda kumuaga Mama Mankariyus. Mjukuu amebatizwa leo asubuhi, mafuta yalikuwa bado yana joto. Alinishikisha mtoto, nikanusa kichwa chake, nikamtajia majina ya wajomba zake jinsi nilivyoyasikia. Bibi amerudi ndani ya kanisa na ufagio wake. Aliungama, akaniambia. Nikauliza ameungama nini. "Kwamba nilimkosea adabu mgeni," akasema. "Si mgeni yule? Basi."

Kisha nikamwonyesha kwamba nataka kuingia kanisani peke yangu, naye akasimama mlangoni akafagia kizingiti kile kile, akirudia na kurudia, askari wawili wakimpita bila kumwona.

Hakuwako mtu ndani. Mishumaa tu. Bikira wako ana uso mzima, dada, hajaguswa. Wanamwogopa kwa muujiza wake, wanainama kwa mbali, hakuna anayethubutu kumkaribia. Nikawaza ninyi wote mnaomngoja huko Shubra, mama, na bibi wa safu ya nyuma, na sisi wawili tukiinuliwa kwapani. Nikamkaribia. Usoni sikuweza, anatazama sana. Nikambusu kidole.

Vanishi yako ilikuwa mbichi. Ilinishika mdomo, na nilipojitoa ikabanduka pamoja na rangi, kipande kidogo pale kwenye ncha, pakabaki peupe.

Nilipogeuka, mwanamke mmoja alikuwa amesimama nyuma yangu na mtoto mgongoni. Alimtoa mtoto mgongoni, akamwinua hadi kwenye kidole.

Adhana imeanza.

Wanis